Kupima kundi la damu: kinachofanyika maabara na namna ya kusoma majibu

Wapo wanaofika maabara wakisema kwao wote ni A, hivyo na wao lazima ni A. Kundi la damu halibashiriwi hivyo. Baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kuzaa watoto wa A, B, AB na O. Njia ya kujua ni kupima.

Huna haja ya kufunga kula. Mtaalamu atakuchoma pembeni mwa ncha ya kidole, au atachukua mililita 2 hadi 3 za damu ya mshipa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, kilichowekwa dawa ya kuzuia damu isigande. Kabla hujainuka kwenye kiti, hakikisha kichupa kimeandikwa majina yako kamili, tena mbele yako. Makosa mabaya zaidi ya kazi hii hayatokani na kemikali, hutokana na sampuli mbili kubadilishana lebo.

Kwa kipimo cha haraka, matone matatu ya vitendanishi, yaani dawa za kupimia, huwekwa kwenye kigae cheupe: Anti-A ya bluu, Anti-B ya njano na Anti-D isiyo na rangi. Kando ya kila tone huwekwa damu, kisha huchanganywa kwa kijiti chake chenyewe, na kigae kutikiswa taratibu kwa dakika 2. Damu ikishikana, utaona punje nyekundu kama mchanga na majimaji yanayozizunguka yanakuwa mangavu. Isiposhikana, hubaki laini, rangi moja. Ikishikana kwa Anti-A peke yake ni A. Kwa Anti-B peke yake ni B. Kwa zote mbili ni AB. Isiposhikana kwa yoyote kati ya hizo mbili ni O. Anti-D ndiyo inayotoa chanya (ikishikana) au hasi (isiposhikana), yaani Rh, sehemu ya pili ya jina la kundi la damu. Ukiandikiwa "O" tu bila Rh, rudi ukaulize, maana hayo ni majibu nusu.

Kigae kina udhaifu wake. Ukikawia kusoma, kingo za tone hukauka na kufanana na damu iliyoshikana. Ukisoma upesi mno, D dhaifu, yaani chanya inayoshikana kidogo tu, itakupita na mtu aandikwe hasi. Vitendanishi vinatakiwa kutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Vikishinda mezani kwenye joto, hupoteza nguvu.

Ndiyo maana maabara zinazoandaa damu ya kuongezewa wagonjwa hupima pande mbili. Baada ya seli nyekundu kupimwa kwa vitendanishi, hupimwa pia plazma, yaani majimaji ya damu, dhidi ya seli za A na B zinazojulikana. Mtu wa kundi A ana kingamwili (chembe za kinga za mwili) dhidi ya B, hivyo plazma yake lazima ishikanishe seli za B. Pande hizo zikipingana, majibu hayatolewi mpaka sababu ijulikane. Mtoto wa chini ya miezi 4 hupimwa upande wa seli tu, kwa kuwa bado hajatengeneza kingamwili zake. Aliyeongezewa damu karibuni aseme, kwani damu yake ina seli za watu wawili.

Hata ukiwa na kadi, hospitali itapima upya na kulinganisha damu yako na ya mchangiaji kabla ya kukuongezea. Usikasirike; huo ni usalama wako.

Mjamzito apimwe hudhurio la kwanza kabisa. Akiwa Rh hasi na mtoto chanya, damu ya mtoto ikipenya kwake, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili zitakazoshambulia damu ya mtoto wa mimba ijayo. Sindano ya kinga ya Anti-D hutolewa karibu wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto wa Rh chanya. Mimba ikiharibika au damu ikitoka, asingoje kliniki ijayo, aende siku hiyohiyo na kutaja kwamba yeye ni hasi. Kingamwili zikishatengenezwa, sindano hiyo haiwezi kuziondoa.