Zumari chini ya jukwaa

Nikifundisha Antony and Cleopatra, tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika yapata 1606, huanzia pale wengi wanapopapita haraka: tendo la 4, onyesho la 3. Ni Alexandria, usiku wa kuamkia vita. Askari wako zamu. Mara zumari zinalia, tena kutoka chini ya jukwaa, ndivyo maelekezo yanavyotaka. (Zumari hasa, ala ile ya Waingereza ni ya ukoo mmoja na zumari ya Pwani.) Mmoja anauliza, ni dalili njema? Siyo, anajibiwa: ni mungu Hercules, ambaye Antony alimpenda, sasa anamhama.

Antony, jemadari wa Kirumi, ndiye yule wa hotuba ya mazishi ya Kaizari, mliosoma Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere mnamjua.

Kisa cha mungu kuhama kimo kwa Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya wakubwa wa kale, ambaye Shakespeare alimsoma katika tafsiri ya Thomas North ya 1579. Ila kwa Plutarch anayeondoka ni Bacchus, mungu wa mvinyo. Kuna wanaodhani Shakespeare aliteleza. Mimi sikubali. Ukoo wa Antony ulijinasibisha na Hercules, na Plutarch mwenyewe anasema Antony alivaa ili afanane na babu huyo. Bacchus akiondoka, umepoteza mwenzako wa karamu. Hercules akiondoka, babu amekukana.

Na angalia mavazi. Katika tendo la 2 Cleopatra, malkia wa Misri na mpenzi wa Antony, anakumbuka alivyomlewesha Antony, akamvika nguo zake za kike, naye akajifunga upanga wa bwana. Hapo ni Hercules mikononi mwa malkia Omphale, aliyemvua ngozi ya simba na kumpokonya rungu. Mfano huo Plutarch alikwisha kuutoa. Shakespeare hamtaji Omphale. Anaziachia nguo kazi hiyo.

Baadaye merikebu za Antony zinajisalimisha kwa adui yake, Octavius. Antony, akiamini Cleopatra amemuuza, anapiga kelele kwamba shati la Nessus limemganda mwilini. Nessus, nusu mtu nusu farasi, alimdanganya mke wa Hercules kwamba damu yake ni limbwata. Mama wa watu akaipaka kwenye vazi la mumewe, kumbe ni sumu. Antony anamwita Hercules, mzee wake, amfunze hasira.

Anamwita aliyekwisha kuondoka. Sisi watazamaji zumari tulizisikia. Wale askari hatuwaoni wakimwambia.