"Nusu ya wanaume": hesabu inayouzia watu chupa

Wauzaji wa dawa za nguvu za kiume wamejifunza takwimu. Kwenye stendi za teksi za Kampala, vipaza sauti vinatangaza kwamba nusu ya wanaume ni wagonjwa. Malalamiko tunayopokea sisi wakaguzi wa dawa huanzia hapo: mtu kasikia "nusu", akajihesabu humo, akanunua chupa.

Nusu hiyo ina kwao. Ni Massachusetts, Marekani, katika utafiti wa wanaume wa miaka 40 hadi 70 uliochapishwa mwaka 1994. Asilimia 52 walikuwa na upungufu wa nguvu za kiume wa kiwango fulani. Walioshindwa kabisa walikuwa 10 tu katika kila 100. Kijana wa bodaboda mwenye miaka 24 hakuwamo katika hesabu hiyo, lakini chupa anauziwa yeye.

Uingereza nako watu wa miaka 16 hadi 74 waliulizwa kati ya 2010 na 2012. Kati ya walioshiriki tendo la ndoa katika mwaka uliotangulia, wanaume 42 na wanawake 51 katika kila 100 walitaja tatizo lililodumu miezi mitatu au zaidi: kukosa hamu, kufika kileleni mapema mno au kutofika, maumivu, ukavu. (Naam, wanawake ni wengi zaidi, ila hao hawana kipaza sauti stendi.) Waliosema maisha yao ya kitandani yanawatia wasiwasi? Kama 10 katika kila 100, wanaume kwa wanawake.

Tatizo ni la kawaida. Ugonjwa si wa kawaida kiasi hicho. Daktari huangalia hali iliyodumu, kwa kawaida miezi sita, na inayomsumbua mwenyewe. Kushindwa usiku mmoja baada ya kunywa waragi, pombe kali, si ugonjwa, na nimechoka kulieleza.

Hali ikidumu, nenda kituo cha afya ukapimwe sukari na presha. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huweza kuonyesha dalili miaka kadhaa kabla moyo haujalalamika. Anayeficha tatizo kwa chupa anaificha na dalili hiyo.

"Lakini ni mizizi tu, ni mulondo," wananiambia. Sina ugomvi na mulondo, mzizi wa asili unaotafunwa kwa ajili ya nguvu. Shida ni chupa isiyo na lebo, kwani wapo wanaochanganya humo sildenafil (ndiyo Viagra), dawa ya kusimamisha uume inayotolewa kwa cheti cha daktari. Ikikutana na dawa za moyo za aina ya nitrati, presha huweza kuporomoka hadi mtu akafa.

Kuhusu sheria: chini ya Sheria ya Uganda ya Sera na Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya 1993, kuuza dawa bila leseni ni kosa, na kuitangaza bila idhini ya Mamlaka ni kosa jingine. Dawa za asili hazijasamehewa. Bidhaa hukamatwa, duka hufungwa, mwenye duka hufikishwa mahakamani.

Mwenye lalamiko afike ofisi ya Mamlaka iliyo karibu, iwe Kampala, Jinja, Lira, Mbarara au Arua. Alete chupa na kasha lake, aseme alinunua wapi na lini, alikunywa kiasi gani, dalili zilianza baada ya saa ngapi, na dawa nyingine anazotumia. Namba ya toleo ikiwapo, isibanduliwe. Na tafadhali, msimwage kilichobaki kwa aibu: chupa iliyosuuzwa, maabara haina la kuifanyia.