Je, wajua kwa nini wavu uliotegewa samaki mwingine hurudi na gayogayo?

Chukulia umetega wavu wa kodi usiku kucha katika Bahari ya Baltiki, miaka ile kodi alipokuwa bado analengwa huko, na asubuhi unauvuta. Kodi, yule samaki mnene wa bahari za baridi ambaye Waingereza humla na chipsi, atakuwemo bahati ikiwepo. Lakini sehemu ya chini, karibu na kamba ya risasi, ile nzito inayoushikilia wavu chini, usishangae kukuta gayogayo: wamejikunja, wamejiviringa nyuzi, mdomo umenasa huku na mkia kule. Hakuna aliyewategea. Wataalamu wa uvuvi huwaita samaki wasiolengwa. Sasa, wavu uliopimwa kwa samaki wa mviringo kama kodi unamkamataje samaki aliye bapa kama sahani?

Gayogayo tunao hata pwani yetu, wale wanaolala mchangani wakaacha macho tu nje. Duniani kuna spishi zaidi ya 700, kuanzia wadogo wanaoenea kiganjani hadi halibuti wa Atlantiki anayeweza kufikia kilo 300. Wote huanza maisha wakiogelea wima, jicho moja kila upande. Kisha jicho moja huhama, likapanda juu ya kichwa mpaka upande wa pili, na samaki anaanza kuishi kwa ubavu. Huko kuishi kwa ubavu ndiko kunakomponza.

Kwanza tuutazame wavu. Wavu wa kutega, ambao kwenye mwambao wetu wengi huuita jarife, haumfukuzi samaki. Unasimama majini ukingoja: kamba ya juu ina maboya, kamba ya chini ina risasi, na katikati kuna nyuzi nyembamba za nailoni ambazo samaki hazioni vizuri. Anakuja, kichwa kinapenya kwenye jicho la wavu, mwili unakwama. Akijaribu kurudi nyuma, uzi unaingia nyuma ya kifuniko cha matamvua, na hapo amekwisha. Mdogo anapita, mkubwa mno anagonga na kugeuka. Mtaalamu Mrusi Fedor Baranov aliiweka hesabu hiyo sawa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20: jicho la ukubwa fulani humkamata samaki wa unene fulani, na ukilipanua jicho, samaki anayenaswa naye anakuwa mkubwa kwa uwiano uleule. Ndiyo maana wavu wa kutega unasifiwa kuwa unachagua. Sifa hiyo ni ya haki, ila hesabu yake ilipigwa kwa samaki wa mviringo.

Chukua mfano wa Ghuba ya Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Kwa nyavu za kutegea samaki wa chini, sheria ya huko inataka jicho lisipungue inchi 6.5, yaani sentimita 16.5 ukilivuta likanyooka. Mzunguko wake wa ndani ni sentimita 33. Kodi mwenye unene wa kulijaza jicho hilo ana urefu unaozidi sentimita 60, samaki wa maana kabisa. Gayogayo je? Upana wake unakaribia nusu ya urefu wake, kwa hiyo ukimzungushia uzi tumboni, sentimita 33 utazipata kwa samaki wa sentimita 35 hadi 40 tu. Jicho lilelile linalomchagua kodi mkubwa linamchagua gayogayo wa wastani.

Halafu kuna umbo la jicho lenyewe, na hapa ndipo panaponifurahisha zaidi. Wavu haufungwi kwenye kamba ukiwa umekazwa. Kwa kawaida mita mbili za wavu ulionyooshwa hufungwa kwenye mita moja ya kamba, ili nyuzi zilegee. Matokeo yake kila jicho linakuwa pembe nne iliyosimama, ndefu kwenda juu na nyembamba kwa upana. Lile la sentimita 16.5 linabaki na upana wa kama sentimita 8 na kimo cha kama 14. Kodi anaogelea mwili umesimama, kwa hiyo analiingia bila shida mpaka anapokwama. Gayogayo anaogelea amelala, na upana wake wote unakutana na upande mwembamba. Kichwa kidogo kinapenya, kiwiliwili kinagoma. Naye hatulii. Anajipinda, anajiviringisha, na kila mzunguko unaongeza nyuzi. Si lazima akwame kwenye matamvua: uzi ukishika taya, au ukingo wa kifuniko cha matamvua, au lile pezi refu linalomzunguka karibu mwili mzima, inatosha. Flaunda wa Baltiki, mmoja wa gayogayo hao, ana vijipele vigumu kando ya mapezi na kwenye mstari wa ubavuni. Turboti, gayogayo mwingine, ana vifundo vya mfupa kwenye ngozi. Kwa hiyo hata yule ambaye kwa hesabu ya Baranov angepita au angegeuka, anabaki.

Wavuvi wa gayogayo wanalijua jambo hili siku nyingi na wanalitumia. Wanaomtaka huulegeza wavu zaidi, wakaushusha. Sheria za New England, eneo la Marekani lenye Ghuba ya Maine, hata zinatenganisha aina mbili za nyavu. Kuna zile za kusimama, kwa ajili ya samaki wa mviringo, na kuna zile ambazo kamba ya juu na ya chini zimeunganishwa kwa vikamba vifupi ili wavu usipande zaidi ya futi 4, kama mita 1.2, na nyuzi zilizobaki zifanye mfuko. Hizo za pili ndizo za samaki bapa. Boti za kutega za safari ya siku moja katika Ghuba ya Maine ziliwekewa kikomo cha nyavu 50 za kusimama au 100 za kufungwa, kila mmoja usizidi futi 300. Piga hesabu: 100 mara futi 300 ni zaidi ya kilomita 9 za wavu kwa boti moja.

Mahali pia pana neno lake. Nyavu za kuelea zinazotegewa jodari katika Bahari ya Hindi hunasa pomboo na kasa, lakini humo kumkuta gayogayo ni kioja. Gayogayo aliyekomaa hana kibofu cha hewa, hivyo akiacha kupiga mapezi anazama. Sehemu kubwa ya maisha yake inapita sentimita chache juu ya mchanga, na akishtuliwa huruka kidogo, akaenda mbele, akatua. Si kwamba hapandi kamwe. Miaka ya 1970 watafiti wa Lowestoft, Uingereza, waliwafuatilia pleisi, aina nyingine ya gayogayo, wa Bahari ya Kaskazini kwa vifaa vya sauti wakaona kwamba samaki hao huinuka, wakauacha mkondo wa maji uwabebe kuelekea wanakotaka, na mkondo ukigeuka hurudi chini kulala. Wanasafiri bila kulipa nauli. Hata hivyo, makazi yake ni chini, na kamba ya risasi nayo inalala chini. Ugomvi wao uko kwenye nusu mita ya mwisho ya wavu.

Mtu wa Kilwa au Lamu atauliza: sasa tatizo ni nini? Samaki ni samaki. Na kweli, kwenye mwambao wetu gayogayo aliyenasa kwenye jarife hatupwi, anakwenda sokoni au anaishia chunguni. Kwa wavuvi wa kibiashara wa kaskazini kinachoamua si chungu, ni karatasi. Samaki wengi wana kiwango chao cha kuvuliwa kwa mwaka, na wengine hawaruhusiwi kuchukuliwa kabisa. Katika New England kuna gayogayo mmoja mwembamba sana, ukimwinua juani mwanga unapenya mwilini, na jina lake la huko linatokana na kioo cha dirisha. Tangu 2010 boti za biashara haziruhusiwi kubaki naye: akinaswa anarudishwa majini, mzima au mfu. Halibuti wa Atlantiki, ambaye huko alivuliwa karibu kumalizwa katika karne ya 19, anaruhusiwa mmoja tu kwa safari, tena asipungue inchi 41, yaani kama sentimita 104. Ukinasa wawili, wa pili si wako.

Mwaka huohuo wa 2010 wavuvi wengi wa huko waliingia kwenye vikundi vinavyogawana viwango. Papo hapo likazuka jambo jipya: kiwango cha samaki mmoja tu kikiisha, kikundi kizima kinasimama eneo hilo, hata kama samaki wengine bado wamejaa. Gayogayo mwenye mkia wa njano wa ukingo wa Georges, eneo la maji ya kina kifupi huko New England, ni mmoja wa wale waliowasimamisha watu namna hiyo. Ukitaka kujua kwa nini nahodha anaweza kumchukia samaki mzuri wa kuliwa, sababu ni hiyo.

Katika Baltiki mambo yamepinduka kwa namna ya ajabu. Kwa miaka mingi flaunda alikuwa nyongeza kwenye nyavu za kodi, na kama aliuzwa au alitupwa ilitegemea bei ya sokoni na kodi waliopatikana siku hiyo. Kisha kodi wa Baltiki ya mashariki akadhoofika mpaka Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku kumvua kwa makusudi, kuanzia Julai 2019. Leo anayetega wavu upande huo anamlenga flaunda, na kodi ndiye asiyelengwa. Nyavu zinakaa palepale chini, na samaki wanaoingia ni walewale. Kilichobadilika ni nani anahesabiwa kuwa kosa. Na huyo flaunda mwenyewe, mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kwamba ni spishi mbili, mmoja mayai yake huelea na mwingine mayai yake huzama. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, na wavu ndiyo kabisa.

Ufundi wa kupunguza tatizo hili umelenga ileile nusu mita. Wanorwe walianza na adui mwingine: kaa mkubwa mwekundu aliyeletwa na Wasovieti kutoka Pasifiki hadi Bahari ya Barents katika miaka ya 1960, ambaye alikuwa akizisokota nyavu za kodi vibaya sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wao walijaribu kuacha nafasi ya nusu mita kati ya kamba ya risasi na mwanzo wa wavu, kwa vikamba vifupi tu. Kaa wakapita chini. Kwa anayemlenga kodi na hamtaki gayogayo, mantiki ni hiyohiyo: mpe mlango wa chini. Katika Ghuba ya Maine jaribio lilikwenda upande wa pili. Walipunguza kimo cha wavu, kodi wakapungua sana, na gayogayo wakaendelea kuingia, kitu ambacho mvuvi aliyeishiwa kiwango cha kodi angekilipia.

Lakini kila dawa ina gharama yake. Wavu mfupi uliofungwa na kuachwa na mfuko humnasa pia sturjoni wa Atlantiki, samaki ambaye Marekani ilimweka chini ya ulinzi mwaka 2012. Katika Bahari Nyeusi, upande wa Umoja wa Ulaya, wavu wa turboti hauruhusiwi kuwa na jicho chini ya milimita 400. Hapo gayogayo wadogo wananusurika, lakini nguruwe-bahari, yule jamaa mdogo wa pomboo, hunaswa humohumo akafa kwa kukosa hewa.

Na aliyekwisha kunaswa? Hapa gayogayo ana nafuu ambayo kodi hana. Kodi akivutwa haraka kutoka kina kirefu, kibofu chake cha hewa huvimba na kinaweza kumharibu ndani, ukimrudisha baharini huenda asipone. Gayogayo hana kibofu cha kuvimba. Akitolewa mapema, ngozi haijachubuka, anaweza kwenda zake. Shida ni saa. Wavu ukikaa mno, vidudu vya mchangani vidogo kama punje huingia kwenye matamvua na kumla akiwa bado mle, na katika Baltiki sili wa kijivu huja kuchukua sehemu yao, wakamwachia mvuvi kichwa. Kanuni za Umoja wa Ulaya za 2005 ziliweka kikomo cha saa 48 kwa nyavu za kutega katika Baltiki, isipokuwa kwa uvuvi wa chini ya barafu.

Sheria ya Ulaya inayokataza kutupa samaki wenye viwango ilianza kutumika kwa awamu kati ya 2015 na 2019, na iliacha msamaha kwa wale waliothibitika kupona wakirudishwa. Pleisi anayenaswa kwa nyavu za kutega katika Bahari ya Kaskazini yumo kwenye msamaha huo. Sharti lake ni kwamba aachiwe papo hapo, kwa hiyo mtu wa kwenye mashine ya kuvutia wavu anamfungua nyuzi hapohapo, wavu ukiendelea kupanda, badala ya kumtupa sandukuni amshughulikie baadaye.