Upasuaji wa uti wa mgongo kwa endoskopi ni nini?

Ni upasuaji wa kuondoa kinachokandamiza mshipa wa fahamu mgongoni kupitia tundu la ngozi lisilozidi sentimita 1. Daktari huingiza bomba la upana wa milimita 7 hadi 8, na ndani yake hupita kamera, taa, maji na vifaa vya kukatia. Hufanya kazi yote akitazama skrini.

Udogo wa tundu unahusu njia tu. Katika upasuaji wa wazi misuli hubanduliwa kwenye mfupa ili daktari aone. Hapa misuli husukumwa kando tu, hivyo maumivu ya kidonda hupungua na mgonjwa husimama mapema. Kazi yenyewe pale kwenye mshipa ni ileile. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la BMJ ulilinganisha njia hii na upasuaji wa diski wa wazi. Baada ya mwaka mmoja, nafuu ya maumivu ya mguu kwa waliofanyiwa endoskopi haikuwa pungufu. Kwa hiyo anayeahidiwa kupona maradufu kwa sababu ya kamera anadanganywa.

Ugonjwa unaotibiwa zaidi kwa njia hii ni diski iliyotokeza. Diski hukaa kati ya pingili mbili: rojo katikati, pete ngumu pembeni. Pete ikichanika, rojo hutoka kwa nyuma na kuubana mshipa, hasa kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, au kati ya ya tano na mfupa wa chini yake. Maumivu hushuka mguuni, mara nyingi hadi chini ya goti. Mshipa wa kiuno wa tano ukibanwa, kidole gumba cha mguu hunyanyuka kwa shida. Ukibanwa ule wa chini yake, kusimama kwa ncha za vidole huwa kugumu. Daktari hutafuta dalili hizi kwanza, kisha huangalia kama picha ya MRI inaonyesha mshipa uleule umebanwa upande uleule. Visipolingana, asipasue. Watu wengi wasio na maumivu yoyote wana diski zilizotokeza kwenye MRI.

Kuna njia zaidi ya moja ya kuifikia diski. Ya pembeni hufanyika mgonjwa akiwa amelala kifudifudi au kwa ubavu, mara nyingi kwa dawa ya ganzi na ya kumtuliza tu. Sindano huingizwa sentimita 8 hadi 14 kutoka katikati ya mgongo, kutegemea unene wa mtu na pingili inayotafutwa, huku eksirei ikionyesha ilipofika. Inalengwa pembetatu ya Kambin, iliyopewa jina la daktari Parviz Kambin: eneo lililo kati ya mshipa unaotoka kwenye mfereji wa uti wa mgongo, pingili ya chini na kiungo cha nyuma. Waya hupitishwa ndani ya sindano, juu yake mirija ya kupanua njia, halafu bomba la kazi. Rojo hutolewa kwa koleo ndogo, na damu hukaushwa kwa ncha ya umeme. Kazi huisha mshipa unapoonekana umelegea na kucheza na mapigo ya moyo. Mgonjwa kuwa macho ni ulinzi: akisikia shoti mguuni atasema, na daktari atasimama.

Kwenye diski ya chini kabisa, ukingo wa mfupa wa nyonga mara nyingi huziba njia hiyo. Hapo hupitiwa nyuma, kati ya mabamba ya pingili, kwa kawaida kwa nusu kaputi au ganzi ya mgongoni. Ipo pia njia ya matundu mawili, moja la kamera na jingine la vifaa, ambayo hutumika sana pale mfereji wa uti wa mgongo wenyewe umekuwa mwembamba kwa sababu ya umri.

Maji ya chumvi hupita muda wote ili kusafisha damu na kamera ione vizuri. Yasipopata pa kutokea, shinikizo hupanda hadi kichwani. Mgonjwa aliye macho hulalamika shingo au kichwa, na asiposikilizwa anaweza kupata degedege. Matatizo mengine ni kipande cha diski kubaki, utando unaoshika maji ya uti wa mgongo kuchanika, na mguu kuwaka moto kwa wiki kadhaa kwa sababu bomba liliugusa mshipa unaotoka. Diski ileile inaweza pia kutokeza tena baadaye. Daktari anayeanza hukosea zaidi, kwa hiyo muulize ameshafanya wangapi na mgonjwa wake akihitaji upasuaji wa wazi, nani atafanya.

Wengi hawahitaji kufika huko. Maumivu ya diski kwa kawaida hupungua ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa, kutembea na mazoezi, na mara nyingi mwili wenyewe hufyonza rojo lililotoka. Upasuaji huja maumivu ya mguu yakigoma, au nguvu za mguu zikiendelea kupungua. Mkojo ukigoma kutoka, au ganzi ikishika sehemu za siri na makalio, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda achunguzwe kwanza kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho Afrika Mashariki bado kipo na msingi wa tiba yake ni dawa.

Wengi hutembea siku ya upasuaji au kesho yake. Kwa wiki 6 hivi usiiname kwa kupinda kiuno, usijizungushe ghafla, usibebe zaidi ya kilo 5. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Bodaboda kwenye barabara ya makorongo isubiri. Rudi hospitali bila kungoja siku ya kliniki ukiona homa, kidonda kinachotoa usaha au maji maangavu, kichwa kinachouma ukikaa na kutulia ukilala, au mguu uliopoteza nguvu upya.