Kupima moyo wa mwanafunzi mwanamichezo: maana yake

Huu ni uchunguzi wa kijana asiyejisikia kuumwa, unaotafuta kasoro ya moyo inayoweza kumwangusha ghafla uwanjani.

Unaanza na maswali, na hapo ndipo wengi hulipua. Amewahi kuzirai akiwa anakimbia? (Kuzirai mstarini asubuhi kwa jua ni jambo jingine.) Hubanwa kifua mazoezini? Kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50? Mzazi naye aulizwe, maana kijana anayetaka namba kwenye timu hukana kila kitu. Kisha daktari hupima shinikizo la damu na kuusikiliza moyo, kijana akiwa amelala, halafu amesimama. Mvumo (sauti ya ziada ya damu ikipita moyoni) unaoongezeka akisimama huweza kuwa dalili ya msuli wa moyo ulionenepa hadi kubana njia ya damu.

Kipimo cha ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, hufuata, ingawa si kila mahali. Italia imekilazimisha kisheria tangu 1982. Chama cha Moyo cha Marekani kina orodha ya vipengele 14 vya maswali na uchunguzi wa mwili, bila kutaka kila mwanafunzi apimwe ECG. Kwa ECG hubandikwa elektrodi (vibandiko vya kunasa umeme wa moyo) 10: 4 mikononi na miguuni, 6 kifuani, ziitwazo V1 hadi V6. Kosa la kila siku ni kuziweka V1 na V2 juu mno. Mahali pake ni nafasi ya nne kati ya mbavu. Zikipanda hadi ya pili, mchoro huweza kuonyesha ugonjwa usiokuwepo.

Msomaji wa mchoro naye ni muhimu kuliko mashine. Mazoezi ya muda mrefu hupunguza mapigo ya moyo wakati wa kupumzika, hata chini ya 60 kwa dakika, na hiyo ni kawaida. Kwa wanamichezo weusi, wimbi la T (wimbi la mwisho la kila pigo kwenye mchoro) lililopinduka kwenye V1 hadi V4, likitanguliwa na mstari wa ST (kipande kilicho kabla yake) ulionyanyuka kama kuba, kwa kawaida si ugonjwa. Likipinduka V5 au V6, afanyiwe eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Asiyejua tofauti hii humsimamisha michezo mtoto mwenye afya.

Kuna yanayopita kwenye chujio hili: mshipa wa moyo uliochipuka mahali pasipo pake, uvimbe wa msuli wa moyo baada ya maambukizi ya virusi, au pigo la mpira kifuani. Mwanasoka Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka moyo ukisimama akiichezea Bolton ya Uingereza tarehe 17 Machi 2012 ilhali alikwisha kupimwa moyo kabla. Ndiyo maana cheti cha kupimwa hakiondoi haja ya mashine ya kushtua moyo kando ya uwanja, isiyofungiwa ofisini.