Lugha ya programu: kinachobadilika na kisichobadilika

Wanafunzi wa kompyuta Kisumu na Maseno hawachoki kuulizana: nishike lugha gani? Huyu anasifia Java, yule Python, mwingine anasema zote zimepitwa na wakati. Ubishi hauishi, kwa sababu wengi hawajajiuliza lugha ya programu ni kitu gani hasa.

Ni mfumo wa alama na kanuni za kuandikia maagizo ya kompyuta. Prosesa yenyewe, ubongo wa kompyuta, haijui Python wala Java. Inajua sifuri na moja tu. Kati yake na mwandishi kuna programu nyingine, ama kompaila, inayoyageuza maandishi kuwa maagizo ya mashine, ama intapreta, inayoyasoma na kuyatekeleza. Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, ni mojawapo ya lugha za kwanza za aina hii kuenea.

Kinachobadilika kwa kasi zaidi ni maktaba na fremuweki, yaani vipande vilivyokwisha kuandikwa ambavyo watu huviunganisha kwenye kazi zao. Hivyo huja na kwenda, na kuvikariri ni kujichosha bure. Lugha yenyewe hubadilika polepole, lakini ikibadilika inaweza kukuumiza.

Chukua chama cha Kondele chenye faida ya shilingi 1,000 ya kugawia wanachama watatu. Ukiandika 1000 / 3 katika Python 2, toleo la zamani la lugha hiyo, jibu ni 333. Katika Python 3, iliyotoka Desemba 2008, alama zile zile zinakupa 333.33 na kuendelea. Kompyuta haijakosea. Waundaji waliibadilisha maana ya mkwaju (/) makusudi, na sasa anayetaka namba kamili huandika mikwaju miwili (//). Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Aliyekuwa amekariri ilimbidi aanze kuuliza watu. Aliyejua kwamba kugawanya kwa namba kamili na kugawanya kwa desimali ni mambo mawili tofauti alitafuta tu alama mpya.

Sasa jumlisha 0.1 na 0.2. Python itakujibu 0.30000000000000004. Jaribu JavaScript: jibu ni lile lile. Java nayo, ukitumia desimali zake za kawaida, hivyo hivyo. Lugha tatu, waundaji tofauti, kasoro moja! Sababu iko chini ya lugha zote. Zinahifadhi desimali kwa kiwango kiitwacho IEEE 754, cha mwaka 1985, ambacho huandika namba kwa msingi wa mbili, na katika msingi huo 0.1 haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho katika hesabu zetu za kawaida. Ndiyo maana programu ya michango ya chama, au ya nauli za matatu ya Kisumu kwenda Busia, ni heri ihifadhi pesa kama senti, namba kamili, iwe imeandikwa kwa lugha yoyote ile.

Android, mfumo wa simu ambao programu zake zilikuwa zikiandikwa hasa kwa Java, nayo imepitia mageuzi yake. Mwaka 2017 Google ilitangaza kuikubali rasmi lugha ya Kotlin, na 2019 ikaipa kipaumbele mbele ya Java. Wapo waliodhani kisomo chao cha Java kimekwenda na maji. Hapana: Kotlin iliundwa ifanye kazi pamoja na Java, na faili za lugha zote mbili hukaa katika mradi mmoja. Masharti (if), vitanzi (loop), funksheni na madarasa (class) ni yale yale, ingawa yameandikwa kwa mkono mfupi zaidi.

Kwa anayeanza, mimi ningesema ashike Python na asiiache mpaka aandike kitu kinachotumiwa na mtu mwingine, hata kama ni daftari la madeni ya duka. Ya pili iwe tofauti kabisa: C, ya mwaka 1972, ambayo kiini cha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kimeandikwa kwayo kwa sehemu kubwa. Huko atalazimika kuomba nafasi ya memori mwenyewe na kuirudisha mwenyewe, kazi ambayo Python ilikuwa ikimfanyia kimya kimya.