Kabla ya Kumkosoa Mpigaji, Isikilize Piano

Hapa Kampala ninafundisha piano na pia kuzitengeneza, na mara nyingi huombwa maoni juu ya watu wanaopiga muziki wa klasiki kwa mapenzi tu, baada ya saa za kazi. Kinachonisikitisha katika maoni mengi wanayopewa ni kwamba mpigaji hutwishwa makosa ya chombo, huku kosa lililo lake hasa likiachwa bila kutajwa.

Piano kubwa ya mlalo ina vitufe 88, lakini nyuzi zake hukaribia 230, kwa kuwa noti za katikati na za juu hupigwa kwa nyuzi tatu kila moja. Nyuzi hizo zikiachana kidogo tu, mmoja ukitetema mara 440 kwa sekunde na jirani yake mara 441, sauti husikika ikivimba na kunywea kila sekunde. Chini ya nyuzi upo ubao wa sauti, ambao kwa kawaida ni wa mti wa sprusi, na mti hunywa unyevu wa hewa. Mvua za Machi hadi Mei zinapoanza, hasa huku kwetu karibu na ziwa, ubao huvimba na kuzisukuma nyuzi, sauti ikapanda, tena katikati ya piano zaidi kuliko kwingine, hata piano iliyorekebishwa vizuri wakati wa kiangazi ikawa haipatani yenyewe kwa yenyewe. Hilo si la vidole.

Ukali wa sauti nao huhukumiwa vibaya. Manyoya yaliyoshindiliwa kwenye vichwa vya nyundo zinazogonga nyuzi hukakamaa na kuchimbwa na nyuzi kadiri miaka inavyopita, na dawa yake ni fundi kuyachoma kwa sindano ili yalainike. Nyundo huachiwa kabla ya kuufikia uzi, ikaruka peke yake. Kwa hiyo katika noti moja, uwezo wa kidole ni kuamua kasi ya nyundo, wala hakuna upole wa baadaye utakaoibadilisha sauti iliyokwisha kutoka.

Mkono huonekana kwenye uwiano wa mikono miwili na kwenye pedali, yaani kikanyagio kinachoziacha noti ziendelee kulia. Mpigaji anayeacha mkono wa kushoto uufunike wimbo ana kosa lake mwenyewe, na anapaswa kuambiwa waziwazi. Kuhusu pedali, muziki wa Chopin, mtunzi wa piano wa karne ya 19, ni mtihani mzuri: piano za zama zake, zikiwamo za kiwanda cha Pleyel alizozipenda, zilizima sauti mapema kuliko za leo zenye fremu nzito ya chuma, kwa hiyo anayefuata alama zake za pedali bila kusikiliza, katika ukumbi wenye sakafu ya vigae, hutoa uji wa sauti. Mimi humwomba apige mkono wa kushoto peke yake pamoja na pedali, na abadilishe pedali kila besi, yaani noti ya chini kabisa, inapobadilika.

Nikitumiwa rekodi ya simu, sitoi neno juu ya nguvu na ulaini wa sauti, kwani simu nyingi hupunguza zenyewe palipo na kishindo na kuinua palipo kimya. Mimi huzungumzia mwendo, noti zilizokosewa na pedali. Huuliza pia piano ilirekebishwa lini na madirisha yalikuwa wazi au la. Na ikiwa ilirekebishwa kabla ya mvua, namshauri amwite fundi unyevu ukishatulia, kisha arekodi upya ndipo nimpe maoni kamili.